Kiwiko Kwenye Jalada

Jumatatu, 21 Julai 1997

Baridi ya leo inauma mpaka kwenye meno. Kikao cha jubilei kimeuma zaidi.

Jumamosi ya tarehe 2 Agosti mimi na Gertruda tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Misa, chakula, ukumbi, muziki. Kikao kimefanyika hapa sebuleni. Nilikuwa nimekaa vizuri, nakubali kila kitu, nakunywa chai. Halafu shemeji Kunigunda, dada mkubwa wa Gertruda, akafungua mdomo. Shemeji Kunigunda akifungua mdomo, mimi huangalia mlango uko wapi.

Akasema nyuma ya viti vya maharusi tusitundike maua ya karatasi kama watu wote. Tutundike jalada la santuri. Lile! Lile ambalo bwana harusi yumo pichani, anapiga ngoma ya tumba na Orkesta Mawimbi ya Nyasa!

Chai ikanipalia.

Nikasema kwa huzuni kwamba jalada lile liliibwa mwaka 1979, kila mtu anajua. Gertruda alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho. Nikadhani yamekwisha.

Hapo Nurdini akajitia. Nurdini ana duka la kurekodi kanda, ng'ambo ya barabara, linatazamana na langu. Alikuwepo kwa ajili ya maspika. Ni kijana mwenye adabu, shikamoo yake haikosi, na ndiye aliyeua duka langu la santuri. Siku hizi nauza betri na chemli. Akasema nisihuzunike, mzee. Mjomba wake wa Mbamba Bay, Mzee Abdulhamid, naye aliuza santuri zamani, na majalada yote bado anayo sandukuni. Atamwandikia barua.

Wote wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Sasa niandike ukweli, maana daftari hili nalificha ndani ya boksi la tambi za chemli na hakuna anayenunua tambi. Mimi si mpiga tumba. Sijawahi kuipiga hata mara moja. Mwaka 1971 nilikuwa Mbamba Bay kupokea mzigo wa sabuni. Bendi ikaja gatini kupigwa picha. Mpiga tumba hakutaka kuchafua shati, nikambebea tumba yake kutoka kwenye lori hadi gatini. Mpiga picha akanifokea, nikaruka pembeni. Hiyo ndiyo historia yangu yote katika muziki.

Mwaka uliofuata nikaenda Lituhi, huko huko ziwani, na mshenga wangu, kumposa Gertruda. Nilichukua jalada lile kama zawadi. Baba yake akaniuliza mimi ni nani hasa. Mpiga tumba pichani amevaa kofia pana, nusu ya uso iko kivulini. Mdomo wangu ukasema: huyu hapa ni mimi. Sikuutuma!

Gertruda alipoolewa akaja nalo, likatundikwa kwetu. Mwaka 1979 ndugu mmoja wa ukweni akaja kututembelea na miwani mipya. Nikalichoma jalada jikoni, nikatangaza wizi. Nilitangaza kwa uchungu mpaka mgambo wakaja.

Jalada hilo lisifike hapa Mbinga. Lisifike kabisa.

Jumanne, 22 Julai

Nimepata njia. Akili yangu ikibanwa inazaa.

Nimevuka barabara nikamwambia Nurdini asihangaike kutafuta mtu wa kupeleka barua. Mimi mwenyewe nashuka ziwani kununua usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa ajili ya sherehe. Nitaipeleka kwa mkono wangu. Akafurahi mpaka akazima redio. Mkewe Shamimu akanipa maandazi ya njiani. Watu hawa wananichosha kwa wema.

Mpango: nakaa Mbamba Bay siku mbili, narudi, nasema mchwa walikula majalada yote. Pole sana Nurdini. Pole sana shemeji.

Nimeifungua barua kwa mvuke wa birika. Imeandikwa: "Mjomba, mzee huyu anatafuta jalada la Mawimbi ya Nyasa kwa ajili ya jubilei yake. Mwamini kama unavyoniamini mimi." Nimeifunga tena.

Gertruda amenipa orodha: usipa madebe matatu, samaki magege wakavu, mkeka mmoja. Halafu nilipotoka kutafuta lori la kesho akanisindikiza mpaka barabarani, jambo asilolifanya. Akasema, "Baba Joakim, ukifika, lisalimie ziwa." Nikauliza nalisalimiaje. Akasema nitajua nikifika.

Wanawake wa ziwani wana maneno.

Alhamisi, 24 Julai

Mbamba Bay. Nimeshuka jana kwa lori, juu ya magunia ya mahindi, kona baada ya kona, mkono mmoja umeshika kofia, mwingine rozari. Huku joto. Nimevua sweta mbili.

Mtu mwenye akili angekaa gatini, akala samaki, akarudi na hadithi yake ya mchwa. Leo niliamka nikiwa mtu mwenye akili. Nilikunywa chai nikiwa mtu mwenye akili. Saa tatu miguu ikanipeleka kwa Mzee Abdulhamid.

Nilitaka kuliona, basi. Miaka kumi na minane sijaliona.

Nikamwamkia shikamoo. Akaniita kijana! Mimi, mwenye miaka hamsini na miwili na goti bovu. Macho yake yameingia ukungu. Aliiweka barua karibu na pua, akashindwa, nikamsomea mwenyewe. Nilipofika kwenye "mwamini," sauti ilinikauka. Akadhani ni vumbi la safari, akaniletea maji.

Sanduku lipo chini ya kitanda. Kila jalada amelifunga kwenye kipande cha kanga. Santuri zenyewe zimepinda kwa joto, nyingine jirani amezichemsha akazifanya bakuli za karanga. Gramafoni haipo. Nikamuuliza majalada matupu yana kazi gani.

"Sindano ziliisha mwaka themanini na mbili," akasema. "Lakini jalada halihitaji sindano, kijana. Kaa."

Akatoa la kwanza. Alilishika ukingoni, kwa viganja, vidole vimekaa mbali na picha. Sijaona mtu akishika hivyo tangu nifunge duka.

Mimi nilikuwa nayapanga kwenye rafu inayotazama mlango. Msimu wa kahawa watu wanashuka kutoka milimani, matope mpaka magotini, na mlangoni niliweka beseni la maji: nawa kwanza, shika baadaye. Walichagua kwa macho. Mama mmoja alinunua kila jalada lenye rangi ya vitambaa vyake vya viti. Bwana mmoja wa Kingerikiti alinunua sita na hakuwa na gramafoni. Akayatundika juu ya kitanda. Alisema siku atakayopata gramafoni hatakuwa mgeni kwa hao pichani. Na ile harufu ya jalada jipya, gundi na rangi! Leo Nurdini anampa mtu kanda isiyo na sura, ameandika kwa kalamu: Mchanganyiko Na. 7. Mtu anaondoka nayo mfukoni kama amenunua kiberiti.

Halafu akalitoa. Hilo hilo. Vijana sita gatini, suruali za bugaluu, mashati meupe, na nyuma yao ziwa, kijani kuliko ziwa lenyewe. Mzee Abdulhamid akapitisha kidole juu ya kila mmoja, akamtaja jina. Kwa mpiga tumba akasema, "Huyu Xaveri wa Lundu. Alinunua majalada kumi siku moja. Kila nyumba aliyokwenda aliacha moja."

Nikaanza kuhesabu nyumba za Lituhi.

Halafu nikaona. Kushoto kabisa, ukingoni mwa picha, kuna kiwiko. Kiwiko cha mtu anayekimbia asionekane. Changu! Nilikuwa nimekisahau kabisa. Nilikitazama muda mrefu.

Mzee akaimba nyimbo za upande wa kwanza kwa mpangilio wake, kidole juu ya maandishi asiyoyaona. Wa mwisho ulikuwa "Meli Imekataa Kuondoka." Nikamwitikia. Tuliimba kama wapumbavu wawili. Nikamwambia macho yananiwasha kwa sababu ya moshi. Hakukuwa na moshi.

Ijumaa, 25 Julai

Siku mbaya. Naandika kwa haraka ili nisiikumbuke.

Jana alikataa kuniazima jalada. Alisema kwa upole kwamba haya si bidhaa tena. Vizuri! Ningeondoka hapo ningekuwa mshindi. Lakini usingizi haukuja. Je, Nurdini akimfuata mwenyewe? Je, shemeji Kunigunda akishuka na lori? Yule mwanamke anaweza kushuka hata kwa miguu.

Leo saa sita Mzee akavaa kanzu aende msikitini. Akaniomba nimlindie nyumba. Mimi! Akaniachia na maji ya kunywa.

Nililitoa jalada sandukuni. Nikaliingiza ndani ya shati, mgongoni. Nikakaa kitini nimenyooka kama askari wa gwaride, nikisubiri arudi, niage, niondoke.

Akarudi anatabasamu. Akasema amefikiri. Mtu amesafiri siku nzima juu ya magunia kwa ajili ya mke wake, na yeye anamnyima karatasi? Nilichukue. Akapiga magoti, akafungua sanduku, akaanza kupapasa. Akapapasa tena. Akatoa majalada yote, moja moja, kanga baada ya kanga.

"Nimelipoteza," akasema. "Jana nililirudisha wapi? Macho yameniisha, sasa na akili."

Sijawahi kusikia maneno mazito hivyo. Nikajirusha chini nikasema labda limeteleza uvunguni. Nikaingia uvunguni kichwa mbele, nikahangaika na shati langu gizani kama kuku anayetaga, nikatoka nalo. Hili hapa Mzee! Lilikuwa ukutani!

Akalipokea. Akalinusa. Akasema mbona lina jasho. Nikasema uvunguni kuna joto. Kona moja imekunjika. Aliinyoosha kwa ukucha, taratibu.

Nikafikiri adhabu imekwisha. Haijaanza. Amesema baada ya mshituko huu ameona jalada lisisafiri bila yeye. Anakuja nalo Mbinga. Atafikia kwa Nurdini, na siku ya sherehe atalileta ukumbini kwa mkono wake.

Nilikuja kuzuia karatasi isifike. Narudi na karatasi, pamoja na mtu pekee anayemjua Xaveri kwa jina!

Jioni nilikwenda ufukweni kulisalimia ziwa. Nikasema shikamoo. Wanawake waliokuwa wanaanika usipa walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Jumapili, 27 Julai

Tumefika jana. Mzee Abdulhamid alikaa mbele na dereva, jalada mapajani. Mimi juu, na madebe ya usipa. Nimeoga mara mbili, bado paka wa jirani ananifuata.

Nimelala saa chache, nimeanza kuziba matundu.

Tundu la kwanza. Nimemwambia Mzee Abdulhamid kwamba huku kwetu kumtaja mpiga tumba kabla ya sherehe ni mkosi kwa ndoa. Akashangaa. Akasema amekaa na Wamatengo tangu ujana hajasikia. Nikasema ni mila ya ukoo wangu tu, tena upande wa mama.

Tundu la pili. Nimemwambia Nurdini mjomba wake moyo unamwenda mbio akiulizwa habari za santuri. Nurdini akasema mbona tangu jana haongei kingine. Nikasema ndiyo dalili yenyewe.

Tundu la tatu ni shemeji Kunigunda. Hilo halizibiki. Alikuja, akamsalimia Mzee, akanitazama, akasema nimekonda. Akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Gertruda aliniuliza kama nililisalimia ziwa. Nikasema ndiyo. Akauliza lilisemaje. Nikasema lilinyamaza. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupepeta mchele, akanipa mgongo kwa muda mrefu.

Jumatano, 30 Julai

Nimemaliza kazi! Sijui kwa nini nilihangaika wiki nzima.

Uso wa Xaveri umo nusu kivulini. Mtu anayeona nusu ya uso anaweza pia kuona uso mwingine. Nimebandua picha yangu ndogo kwenye kadi ya chama cha msingi cha ushirika, nikakata kichwa kwa wembe, nikachemsha gundi ya unga wa ngano. Nikavuka barabara. Mzee alikuwa uani anakunywa kahawa na Shamimu. Nurdini alikuwa anabishana na mteja aliyelalamika kwamba kanda yake ina wimbo mmoja mara tatu. Nikasema naomba kulifuta jalada vumbi kidogo. Nurdini akanipa na kitambaa. Wema huu utamponza siku moja.

Kazi ya dakika moja. Kichwa kimekaa juu ya shingo ya Xaveri.

Lazima niseme ukweli kwamba kuna kasoro ndogo. Wenzangu wote ni wa rangi, mimi peke yangu ni mweusi na mweupe, kama marehemu. Tena kichwa ni kikubwa kidogo. Masikio yanawafikia wapiga gitaa. Na muhuri wa chama umenipitia kwenye kidevu. Lakini litatundikwa juu, watu watakuwa wamekunywa pombe ya ugimbi, na Mzee haoni. Kwa mbali ni mimi kabisa.

Nimemwambia Gertruda kwamba sasa naisubiri Jumamosi kwa hamu. Akasema naye pia.

Jumamosi, 2 Agosti

Mafuta ya chemli yanaisha. Naandika hivyo hivyo.

Misa ilikwenda vizuri. Gertruda alivaa kitenge cha rangi ya samawati, na alipoitikia mbele ya padri sauti yake haikutikisika. Yangu ilitikisika. Watu walidhani ni mapenzi. Ilikuwa pia mapenzi.

Ukumbini Nurdini ndiye mshereheshaji. Tulipokwisha kula, akazima muziki, akatangaza kwamba sasa Mzee wetu kutoka ziwani atatundika zawadi ya pekee. Mzee Abdulhamid akasimama na furushi la kanga. Akalifungua. Akalinyanyua jalada. Makofi! Mtu wa mbele akasema mbona mmoja wao ana kichwa kama mtungi. Nikacheka kwa nguvu kumfunika.

Mzee akaanza kuwataja. Kidole chake kikatembea juu ya picha, uso baada ya uso. Nikaomba Mungu azime jenereta. Kidole kikafika kwenye tumba. Kikasimama.

"Hapa kuna kitu," akasema.

Akakwaruza kwa ukucha. Nikasikia ukucha ule mpaka kwenye uti wa mgongo. Gundi ya ngano haikukauka vizuri kwa baridi hii. Kichwa changu kikabanduka, kikaanguka kwenye sahani ya pilau ya shemeji Kunigunda.

Akakiokota kwa vidole viwili. Akakitazama. Akanitazama.

"Nimesikia wali ukitiwa karafuu," akasema, "vichwa sijapata kusikia."

Kicheko hicho sitakisahau. Mzee Abdulhamid, masikini, hakuelewa. Akaendelea kwa uaminifu: na huyu ni Xaveri wa Lundu, mpiga tumba, samahani bwana harusi kwa mkosi wa kumtaja.

Nikasimama. Sikujua nasimama kufanya nini. Nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua, "Kiwiko ni changu!"

Wakacheka zaidi. Nikaenda mbele, nikaonyesha kwa kidole, nikakunja mkono, nikasimama kama nilivyosimama gatini mwaka 1971. Nikaapa. Kitu pekee cha kweli nilichowahi kusema kuhusu jalada lile, na hakuna hata mtu mmoja aliyeamini. Joakim, mwanangu mwenyewe, alifunika uso kwa kitambaa cha meza.

Ndipo Gertruda akainuka. Hakuchukua kipaza sauti.

Akasema Xaveri alifika Lituhi miezi miwili kabla yangu. Alikuja na tumba yake na jalada lake. Baba yake alimwomba apige, akapiga vizuri, kijiji kizima kikaja. Akala, akaaga. "Hakuniuliza hata jina langu," akasema. "Baadaye akaja huyu, na jalada lile lile, akaketi kwenye kiti kile kile, akasema ni yeye. Kikombe kilikuwa kinamtetemeka mkononi mpaka chai ikamwagikia mshenga. Baba alitaka kumfukuza. Nikamwambia baba, mwache. Mtu anayeogopa kiasi hiki na bado hakimbii, nitamweza."

"Hata mimi nilijua!" akasema shemeji Kunigunda. Shangazi yao wa Lituhi akasema naye alijua. Mwenye miwani wa mwaka 1979 akasimama akasema alijua hata kabla ya miwani.

"Na mimi ndiye niliyemtuma dada alitaje jalada kwenye kikao," Gertruda akasema. "Miaka ishirini na mitano namsubiri aniambie mwenyewe. Niliona nikinyamaza tutaifikia ya hamsini."

Watu wakashangilia. Ningefurahi. Lakini alinigeukia, akasema kwa sauti ndogo ambayo wengine hawakuisikia.

"Uongo wako haukuniuma, Baba Joakim. Uliponiuma ni pale ulipolichoma. Nililiona jivu. Nilikuwa nimeletwa huku kwenye baridi, simjui mtu, na ile ndiyo picha pekee ya ziwa letu niliyokuwa nayo. Kila asubuhi nilikuwa nalitazama kabla ya kuwasha moto. Nyie wanaume mlikuwa mnatazama nani anapiga tumba."

Nikatafuta uongo wa kumjibu. Mimi, Othmar Kapinga, sikuupata hata mmoja! Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

Mzee Abdulhamid alikuwa bado amesimama karibu. Macho yake ni mabovu, masikio ni mazima. Akalifunga jalada kwenye kanga yake, polepole, akalitia mikononi mwa Gertruda. Akasema yeye ziwa analisikia kila siku dirishani.

Halafu akaimba "Meli Imekataa Kuondoka," bila spika, bila gitaa. Gertruda akaupokea. Wa ziwani wote wakaupokea. Nurdini alikuwa ameshika kanda yake mkononi na hakuiweka. Mtu akanisukumia ngoma ya kwaya, nikapiga. Nilipiga vibaya sana. Padri alitoka nje kidogo.

Jumapili, 3 Agosti

Gertruda ametundika jalada ukutani, mkabala na mlango wa jikoni. Uso wa Xaveri una doa la gundi. Asubuhi nilimkuta amesimama mbele yake, jagi la maji mkononi. Nikasimama pembeni yake. Tulitazama ziwa tu. Kwa kweli ni zuri. Nimekaa na jalada lile miaka saba, sijawahi kuona kwamba kuna mtumbwi kwa mbali, na mtu ndani yake anainua mkono.

Nikamwomba msamaha. Vizuri, bila maelezo. Akasema ameusikia.

Nurdini alipita kuchukua maspika. Nikamsindikiza mpaka ng'ambo. Nikamwambia nilifungua barua yake kwa mvuke. Akasema aliona, kwa sababu mjomba wake alimwonyesha bahasha.

Nimeapa mbele ya msalaba wa sebuleni: sitadanganya tena, hata kidogo. Nimejisikia mwepesi. Nilikula chakula cha mchana mara mbili.

Jumatatu, 4 Agosti

Leo asubuhi amekuja dukani bwana mmoja anaitwa Raimundi, katibu wa kwaya ya huko Kingerikiti. Hakuwepo kwenye sherehe. Alitaka betri nne. Wakati nazifunga akauliza kama mimi ndiye yule Kapinga wa mambo ya muziki. Amesikia sifa zangu njiani, hakusikia vizuri ni zipi.

Nikasema nilikuwa muuza santuri tu. Kweli tupu! Gertruda alikuwa nyuma ya duka, nikajua amesikia, nikajivunia.

Raimundi akapumua kwa uchungu. Akasema mpiga kinanda wao amehamia Songea, na sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria ni tarehe 15. Kwaya imefanya mazoezi tangu Pasaka. Akina mama wameshona sare. Askofu mwenyewe huenda akaja. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kugonga kila mlango. Akauliza kama namfahamu mtu yeyote, popote, anayejua kinanda.

Nilifungua mdomo niseme hapana.

Nimemwambia nilifundishwa na mapadre Wajerumani, miaka mitatu, mikono yote miwili. Alinikumbatia juu ya kaunta. Nyuma ya duka sufuria ilianguka.

Zimebaki siku kumi na moja. Mtu mwenye akili hajifunzi kinanda kwa miaka, anajifunza kwa mpango. Kesho mapema nitapita kanisani nikaangalie kinafunguliwa upande gani.